Kigingi cha Kirumi katika bonde la Kilombero

Sosholojia ya vijijini ina neno moja ambalo sisi wa Afrika Mashariki tulilipokea bila kulipekua. Wafaransa husema paysan, Waingereza peasant, nasi katika vitabu vyetu tumezoea kuandika "mkulima", au tukitaka kuonekana makini, "mkulima mdogo". Nashikilia kwamba tafsiri hiyo imetubadilishia mtu. Paysan ni jina la mahali: humtambua mtu kwa eneo alilokitwa ndani yake. Mkulima ni jina la tendo: humtambua mtu kwa kazi ya mikono yake, popote anapoifanyia. Katika ukumbi wa mihadhara tofauti hiyo yaweza kuonekana kama mchezo wa wanaisimu. Ishushe Ifakara, uvuke nayo mto, na utakuta ndiyo inayoamua nani ana haki ya kurudi kuvuna mpunga alioupanda.

Tuanzie Roma, kwani huko ndiko kigingi kilikochongwa. Kwa Kilatini pagus ilikuwa wilaya ya mashambani, eneo lenye mipaka yake nje ya mji. Wanaisimu huliunganisha neno hilo na kitenzi pangere, yaani kuchomeka kitu ardhini kikakaa imara. Pagus, basi, kwa asili yake ni eneo lililowekewa vigingi. Mpima ardhi wa leo angesema limewekewa bikoni. Mkazi wa eneo hilo aliitwa pagensis. Kilatini cha Galia kilipokuwa kikigeuka taratibu kuwa Kifaransa, pagensis likasagika likawa païs, ambalo leo Wafaransa huliandika pays, nchi. Juu ya païs wakabandika kiambishi kilichotoka kwa Wafaranki, -enc, kikaja kugeuka -ant, tukapata paisant, mtu wa nchi. Kifaransa cha Wanormani kikalivusha hadi Uingereza, na huko likawa peasant. Mabadiliko yote hayo ya sauti hayakung'oa kigingi cha mwanzo.

Pagus lilizaa mtoto mwingine, paganus, mwanakijiji. Kufikia karne ya 4 Wakristo wa Dola ya Roma walikuwa wakilitumia kwa watu wasiobatizwa. Wanahistoria bado wanabishana kwa nini: wapo wasemao mashamba yalichelewa kuipokea dini kuliko miji, na wapo wasemao paganus lilishakuwa na maana ya raia asiye askari, mtu ambaye hajajiandikisha katika jeshi la Kristo. Vyovyote iwavyo, hilo ndilo tulilolirithi sisi likawa mpagani, na katika bonde la Kilombero liliingia na misheni: Wabenedikti wa Kijerumani waliofika Kwiro, Mahenge, mwanzoni mwa karne ya 20, kisha Wakapuchini wa Uswisi waliowapokea kazi baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mzizi mmoja, kwa hiyo, uliingia bondeni mara mbili. Kwanza ulikuja na padri, ukamwita mtu mpagani. Miongo kadhaa baadaye ukaja na mtaalamu wa mipango, ukamwita mtu yuleyule peasant. (Warusi walikwenda kinyume kabisa. Mkulima wao aliitwa krestyanin, neno lililochipuka kutoka Mkristo. Kwa Warumi mtu wa jembe ndiye aliyekuwa nje ya dini, kwa Warusi akawa ndiye Mkristo mwenyewe.)

Kama tungetaka kuifuata picha ya Kifaransa kwa uaminifu, tusingechagua mkulima hata kidogo. Païs ni nchi, paisant ni mtu wa nchi, na Kiswahili kina neno lililofinyangwa vivyo hivyo: mwananchi. Tazama yalivyoachana njiani. Waingereza walilishusha peasant hadi likafaa kutukania mtu asiye na adabu. Sisi tulimpandisha mwananchi hadi akawa mwenye nchi, mpiga kura, mtu ambaye waziri hulazimika kumtaja kwa heshima anapofungua hotuba. Lakini sikiliza vizuri ofisa anaposimama mkutanoni na kusema "wananchi wamevamia hifadhi". Hapo hamaanishi raia wa Jamhuri. Anamaanisha watu wa mashambani waliotoka nje ya eneo walilopangiwa. Kwa sentensi moja mwananchi amerudishwa kuwa paysan, na hakuna aliyeshtuka.

Mkulima ana historia tofauti. Kitenzi -lima ni mali ya kale ya Kibantu, kimetapakaa katika lugha nyingi za familia hiyo, na nomino iliyojengwa juu yake haina harufu ya mahali wala ya mpaka. Anayelima ni mkulima, akiacha si mkulima tena. Jina hilo lina udhaifu wake pia, nami sitauficha. Azimio la Arusha la 1967 lilimtaka kila kiongozi wa TANU na Serikali awe mkulima au mfanyakazi, na katika toleo la Kiingereza mkulima akawa peasant. Msomaji wa Kiingereza alipata picha ya tabaka: mtu wa kijijini, mwenye ardhi kidogo, anayelima kwa nguvu za familia. Msomaji wa Kiswahili alipata tendo tu. Ndiyo maana hadi leo bwana mwenye matrekta manne na vibarua mia anaweza kusimama Bungeni akasema "sisi wakulima" na neno lenyewe lisimkatalie. Jina la tendo halioni tabaka. Profesa Issa Shivji, ambaye mwaka 1976 alituandikia kitabu kizima juu ya mapambano ya kitabaka Tanzania, baadaye amependelea kusema wavujajasho, nadhani kwa sababu hiyo: bado ni jina la tendo, ila jasho halimtoki mwenye trekta.

Mjadala wa kama Mwafrika anayelima aitwe peasant si mpya, na kwa sehemu ulizaliwa jirani. Mwaka 1961 mwanaanthropolojia Mmarekani Lloyd Fallers, aliyefanya utafiti wake Busoga, Uganda, aliuliza swali hilo waziwazi katika jarida la fani yake. Jibu lake lilikuwa nusu ndiyo: kiuchumi na kisiasa Waafrika hao walikaribia, lakini walikosa ule utamaduni wa juu wa maandishi ambao huko Ulaya na Asia uliwatazama watu wa mashamba kutoka mjini. Mwaka 1966 Eric Wolf akaja na kigezo ambacho mimi nakiona kina nguvu zaidi. Kulima peke yake hakumfanyi mtu kuwa peasant. Anakuwa hivyo pale dola inapomfikia na kuchukua sehemu ya mavuno yake kama kodi, ada au bei aliyopangiwa. Kwa kipimo cha Wolf, mtu wa Kilombero alikuwa mkulima kwa karne nyingi, lakini paysan amefanywa juzi, tangu kodi ya nyumba ya Wajerumani ilipoanza mwaka 1898. Wanaodhani kwamba wakulima wa namna hiyo ni mabaki ya zamani, watu ambao historia imewaacha nyuma, wameligeuza jambo kichwa chini miguu juu. Huyo ni mtu aliyetengenezwa na dola, na kwetu hana umri mkubwa.

Kisha akaja Göran Hyden, Mswidi aliyefundisha Dar es Salaam, na kitabu chake cha 1980 kilichosema kwamba kundi hili nchini Tanzania halijakamatwa: lina ardhi yake, linaweza kulisusa soko na Serikali likaendelea kula. Wanazuoni wengi wa mrengo wa kushoto walimshambulia, na kwa haki, kwani kulima pamba au miwa ya kuuza huku ukidaiwa pembejeo ni kukamatwa kwa kutosha. Linalonivutia mimi ni kitenzi chake. Ili mtu akamatwe, sharti kwanza awe mahali. Hyden aliona kutokamatwa kama hitilafu ya maendeleo kwa sababu neno alilolibeba lilikwisha kumwambia kwamba mtu wa mashambani kwa asili yake amekitwa. Angekaa msimu mmoja ng'ambo ya mto Kilombero, sidhani kama angeliandika hivyo.

Bonde lenyewe lazima lielezwe, maana hoja yote imesimama juu ya maji yake. Kaskazini magharibi ipo milima ya Udzungwa, kusini mashariki nyanda za juu za Mahenge, na katikati tambarare inayopokea Ruhudji, Mnyera, Mpanga, Kihansi na mito mingine mingi inayoungana kuwa Kilombero, kabla ya mto huo kwenda kuujaza Rufiji. Mvua kubwa zinapokolea maji hupanda na kutandaa juu ya mbuga. Yakirudi huacha udongo mpya na madimbwi ya samaki. Ukingo wa mafuriko haukai mahali pamoja. Mwaka wa maji mengi, shamba lililokuwa bora mwaka jana linakuwa ziwa. Mwaka wa ukame, lile la kando halivuni kitu na watu wanashuka chini zaidi. Wandamba, ambao maisha yao yamefungamana na mito hii, walijenga uchumi wao juu ya mwendo huo: mpunga wakati wake, mtumbwi na nyavu wakati wake. Ukimuuliza mzee wa Kindamba kama yeye ni mkulima au mvuvi, umemuuliza swali la kizungu. Atakujibu kwa kukutajia mwezi.

Hata wasio Wandamba, Wambunga wa Ifakara, Wapogoro, Wabena na wengine waliofuata reli ya TAZARA ilipojengwa kati ya 1970 na 1975, waliingia katika mwendo uleule. Familia ina nyumba mjini au kwenye kijiji cha barabarani, na ina shamba mbali, pengine ng'ambo ya mto. Mvua zikianza kaya inagawanyika. Baba na mama wanahamia shamba, wanakaa kwenye kibanda au kwenye dungu lililoinuliwa juu ya nguzo, wailinde mbegu na baadaye suke dhidi ya ndege na nguruwe. Watoto wa shule wanaachwa na bibi, wadogo wanabebwa. Watafiti wa malaria wa Ifakara walilazimika kuelewa hili mapema, kwa sababu mtu aliyepewa chandarua nyumbani kijijini alikuwa akiumwa na mbu miezi kadhaa mahali pengine kabisa. Mfumo wao wa kufuatilia kaya, ulioanza mwaka 1996, ulirudi kwenye kaya zilezile mara kadhaa kwa mwaka, na bila shaka ulisaidiwa na kurudi huko. Sayansi ya afya, kwa kumfuata mbu, ilimkuta mkulima. Sayansi ya jamii imebaki ikimtafuta kwenye daftari la wakazi.

Na Serikali zote zilizopita bondeni zimefanya kazi ile ya pangere, kuchomeka. Mwaka 1952 likawekwa pori tengefu. Miaka ya 1970 Operesheni Vijiji ikawakusanya watu, na vijiji vikapangwa kufuata reli. Shamba la Mngeta, zaidi ya hekta 5,000, likakatwa miaka ya 1980 kwa ubia na Korea Kaskazini, kisha likapita mikononi mwa wawekezaji. Mwaka 2002 tambarare ikaandikishwa kuwa ardhi oevu ya Ramsar, karibu hekta 800,000. Ukaja mpango wa ukanda wa kilimo wa kusini, SAGCOT, ukaja upimaji wa vijiji na utoaji wa hati za kimila katika wilaya za Kilombero, Ulanga na Malinyi, na mwaka 2023 pori tengefu likapandishwa hadhi kuwa pori la akiba. Kila hatua ilikuwa na sababu zake, na baadhi ni nzuri. Sheshe, swala ambaye sehemu kubwa ya hesabu yake duniani iliwahi kuwa humu, wamepungua vibaya, na asiyeona kwamba mbuga imelemewa na jembe pamoja na kwato hajafika. Hati ya kimila nayo ni ngao dhidi ya anayekuja na ramani kutoka mjini. Ninachopinga ni dhana moja iliyojificha ndani ya hatua zote hizo: kwamba mtu halali ni yule wa ndani ya kigingi, na anayehama na maji ni mvamizi.

Aliyeumizwa zaidi na dhana hiyo ni Msukuma. Alishuka bondeni na ng'ombe kutafuta malisho, akaandikwa "mfugaji", na katika operesheni iliyoanza Oktoba 2012 mifugo kwa maelfu iliondolewa, na watu pamoja nayo. Lakini Msukuma wa Kilombero analima mpunga, tena mwingi, na plau yake ya maksai imewalimia majirani wengi kwa malipo. Kwa jina la tendo yeye ni mkulima na mfugaji kwa wakati mmoja, kama babu zake kule Shinyanga na Mwanza. Kwa jina la mahali ni mgeni, na mgeni hana pagus. Habari zetu huandika "mgogoro wa wakulima na wafugaji" kana kwamba ni makabila mawili ya watu. Mara nyingi ni mgogoro wa watu wawili wanaofanya kazi zilezile kwa viwango tofauti, mmoja akiwa amehesabiwa na mwingine la. Sisemi ng'ombe wote warudi. Hilo mbuga haiwezi. Nasema uamuzi wa idadi ufanywe kwa hesabu ya nyasi na maji, usifanywe kwa kutumia jina.

Ukipanda kaskazini hadi Kidatu, unakutana na kigingi hichohicho kimevaa sare ya kiwanda. Kampuni ya Sukari Kilombero, iliyoanza uzalishaji mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kubinafsishwa mwaka 1998, hununua miwa ya mashamba yake na ya watu wanaoitwa "wakulima wa nje". Nje ya nini? Nje ya ua wa kampuni. Hapa hata neno letu la tendo limefungwa kamba ya mahali. Ndani ya kundi hilo wamo mjane mwenye ekari moja, mwalimu mstaafu, mfanyabiashara anayeishi Morogoro na kuliona shamba lake kwa simu, na bwana aliyekodi mashamba ya watu kumi. Mkata miwa aliyetoka mikoa ya mbali, ambaye kwa kweli ndiye mwenye jasho shambani, hayumo katika jina lolote kati ya hayo. Ni mahali pazuri pa kuona kwamba jina la mahali nalo halioni tabaka. Linaona ua tu.

Najua jibu la wenzangu wa isimu: asili ya neno si maana yake, na anayedai kwamba peasant leo lina vigingi vya Roma anafanya kosa la wanaoanza. Wana haki kwa jumla. Hakuna anayesema pays akakumbuka pangere, na kama asili ingekuwa hukumu basi hata mkoloni angetetewa, maana colonus kwa Kilatini alikuwa mlimaji wa shamba, kutoka colere, kulima. Jaribu kuwaeleza wazee wa Mahenge, ambako Majimaji ilipiganwa mwaka 1905, kwamba mkoloni maana yake mkulima! Lakini hoja yangu haidai kwamba asili inatawala maana. Inadai kwamba katika neno hili dhana ya zamani imeendelea kuandikwa upya katika fasili za kitaalamu: "kufungamana na ardhi", "jamii ya mahali", "kijiji". Asili inatusaidia kujua wapi pa kutazama. Ushahidi wenyewe uko kwenye fasili, na kwenye ramani zinazochorwa kwa fasili hizo.

Kwa wanaoandika dodoso, kwanza, nashauri safu ya "kazi kuu" ifutwe kwa utafiti wa mabonde ya mafuriko. Mahali pake aulizwe mtu anafanya nini Desemba, Aprili, Julai na Septemba, na anafanyia wapi. Ni kazi zaidi, karatasi zaidi, na wafadhili watanung'unika; takwimu zitakazotoka zitakuwa za watu waliopo. Kwa vyuo, tufundishe neno mkulima pamoja na maswali mawili linayoyakwepa: ardhi ni ya nani, na anayelipwa ni nani. Hatuna haja ya kuliazima peasant kwa sauti ya Kiswahili. Tuna haja ya kulitumia neno letu kwa ukali zaidi.

Kwa upande wa ardhi njia ipo tayari, ila haitumiki inavyostahili. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaruhusu vijiji kuingia makubaliano ya kutumia ardhi kwa pamoja. Makubaliano hayo yangeweza kuandikwa kwa misimu: nani analima ukingo huu maji yakipungua, nani analisha baada ya mavuno, nani anavua dimbwi lipi na hadi lini. Wenyeji wa bonde wana kanuni nyingi za namna hiyo midomoni, na maofisa ardhi wa wilaya wanazijua kuliko wanavyokiri. Zinakosa muhuri.

Wakulima wenyewe wametangulia. MVIWATA, mtandao wa vikundi vya wakulima ulioanzishwa mwaka 1993 na wenye makao yake Morogoro, ni mwanachama wa Via Campesina, vuguvugu lililosukuma Umoja wa Mataifa kupitisha, Desemba 2018, Tamko la haki za wakulima na watu wengine wanaofanya kazi vijijini. Katika toleo la Kifaransa jina lililotumika ni lilelile, paysans. Lakini ukisoma kifungu cha kwanza utaona jina limewaelemea waandishi. Kwanza wanataja kufungamana na ardhi, kama mila ya neno inavyodai, kisha wanalazimika kuongeza mfugaji, mvuvi, mwindaji, mwokota matunda ya msitu, anayehamahama, asiye na ardhi, na kibarua wa msimu. Halmashauri za Ifakara, Mlimba, Malinyi na Ulanga zinaweza kukichukua kifungu hicho kama kilivyo na kukiweka juu ya meza kabla timu nyingine ya upimaji haijashusha bikoni zake.